Chungu cha Nyantakara: Ndizi, Maharage na Historia ya Utumbo

Katika kaya nyingi za Nyantakara, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kagera, maharage ndiyo hutangulia jikoni. Hubandikwa mapema, yakachemka saa mbili au tatu, na yanapokaribia kuiva ndizi mbichi zilizomenywa hupangwa juu yake, chungu kikafunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usipotee. Mpishi hubaki na utomvu mweusi vidoleni ambao hautoki kwa maji matupu. Chakula hiki kimesifiwa miaka mingi kwa kushibisha na kumpa mlimaji nguvu ya kumfikisha jioni. Sasa kimepata sifa nyingine: inasemekana kinalisha bakteria wema wa utumbo. Sifa hiyo ina ukweli mwingi. Tatizo ni hadithi inayoambatana nayo, kwamba wazee walijua jambo hilo tangu kale, wakalitunza kama tiba, na sisi tumelipoteza kwa kupuuza mila. Nadai kwamba historia ya eneo hili, huku Biharamulo inakopakana na Ngara, inaonyesha kitu tofauti. Chungu hiki kilikusanywa kidogo kidogo, kwa mazao yaliyotoka mbali, na kilipangwa na kuni, mvua, mbung'o na njaa kuliko na elimu ya tumbo. Na kwa kuwa nguvu za namna hiyo ndizo zilizokijenga, nguvu za namna hiyo hiyo ndizo zinazokivunja leo.

Tuanze na kinachotokea tumboni, maana bila hicho historia haina pa kushika. Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikafika utumbo mpana ambako bakteria wanazisubiri. Wao huzichachusha, na katika kuchachusha huko hutoa gesi, jambo ambalo kila mla maharage analijua bila kufundishwa, pamoja na asidi fupi za mafuta. Mojawapo ya asidi hizo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Mwaka 1995 Glenn Gibson na Marcel Roberfroid walipendekeza vyakula vya aina hii viitwe prebayotiki, yaani vile ambavyo mwenye mwili havimeng'enyi yeye mwenyewe ila vinawastawisha bakteria wenye faida kwake. Inulini iliyomo katika vitunguu na mizizi ya chikori ni ya kundi hilo. Wanga ambao hauvunjiki njiani, ambao tunaweza kuuita wanga sugu, hufanya kazi inayofanana na hiyo, na ndizi mbichi ni miongoni mwa vyakula vyenye wanga huo kwa wingi kabisa. Hapa lakini pana jambo ambalo wauzaji wa unga wa ndizi hawapendi kulitaja: wanga wa ndizi ni sugu sana ukiwa mbichi, na kuuchemsha huuvunja sehemu kubwa. Sahani ya ndizi moto haina wanga sugu mwingi kama tunda lilivyokuwa likiwa kwenye mkungu. Sehemu ya usugu hurudi chakula kikipoa. Jambo hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo linalogeuza hoja yote.

Sasa tuangalie mazao yenyewe. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vilivyo jirani nayo. Ulifikaje katika nchi za Maziwa Makuu na lini hasa, wanazuoni bado wanabishana, lakini David Schoenbrun, aliyefuatilia msamiati wa kilimo katika lugha za eneo hili, aliweka upanuzi wa kilimo cha migomba katika karne zilizoanza takriban miaka elfu moja iliyopita. Uchunguzi wa vinasaba nao umeonyesha kwamba ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, pamoja na majina yake mengi na maumbo yake mengi, zinakaribiana mno kiasi cha kuonekana kama uzao wa mche mmoja uliochipuzwa na kugawanywa na wakulima kwa vizazi. Huo ni ustadi mkubwa, wala siudharau. Ila maharage tunayoyapika nazo yametoka bara la Amerika, kama muhogo, mahindi na viazi vitamu, na hayakuweza kuvuka bahari kabla ya safari za Wazungu mwishoni mwa karne ya 15. Maana yake ni kwamba ndizi na maharage katika chungu kimoja haviwezi kuwa na umri wa zaidi ya miaka mia tano hivi. Kabla ya hapo utumbo wa mtu wa huku ulilishwa kwa mtama, ulezi, kunde, mboga za porini na mizizi, navyo pia vina sukari na nyuzinyuzi za kuwafikia bakteria. Anayetaka kurudi kwenye chakula cha mababu ana kazi ya kuchagua babu yupi.

Tena chungu hakikuwa kimoja hata kwa watu wa zama moja. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wa Kizungu John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, dola iliyokuwa katika eneo la Biharamulo ya leo na viunga vyake, wakamlalamikia mno mtawala wake, Suwarora, kwa hongo aliyowatoza, kisha wakaenda Karagwe kwa mtawala Rumanyika. Huko Speke aliandika kuhusu wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama wenyewe. Maziwa yalikuwa chakula cha wenye ng'ombe na cha heshima, na ndizi, mtama na kunde vilikuwa vya wakulima. Kama chakula chenye sukari za kulisha bakteria kingekuwa kinathaminiwa kama dawa, watawala wangekidai kwa wingi kama walivyodai maziwa. Kilichodaiwa kutoka shambani kilikuwa pombe zaidi. Rubisi hutengenezwa kwa ndizi zilizoivishwa shimoni au juu ya moshi, zikakanyagwa na kukamuliwa kwa majani, juisi ikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa ichachuke. Ndizi ikiiva wanga wake hugeuka sukari rahisi, na katika rubisi hamira hula sehemu kubwa ya sukari hiyo. Kwa hiyo sehemu nzuri ya mavuno ya migomba, iliyokuwa na wanga sugu ikiwa mbichi, ilinywewa. Sisemi hivyo kwa kulaumu wanywaji. Nasema tu kwamba mkulima alilima mgomba kwa ajili ya chakula, heshima, mahari na pombe, na bakteria wakapata kilichobaki.

Ikumbukwe pia kwamba Nyantakara si Bukoba. Ufukwe wa Ziwa Viktoria una mvua nyingi na bustani za migomba zilizorutubishwa kwa samadi kwa vizazi. Kuelekea magharibi na kusini, mvua hupungua, miombo huanza, na pamoja na miombo huja mbung'o. Sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890 iliua mifugo Afrika Mashariki nzima, na palipokosa ng'ombe palikosa samadi, na pasipo na watu wa kufyeka vichaka pakarudi pori. Ugonjwa wa malale ulipoenea, utawala wa Waingereza uliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi yaliyosafishwa vichaka, na Biharamulo ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoguswa na sera hiyo. Mgomba ni mmea wa mtu anayekaa: unahitaji miaka ili bustani ikomae, na hauhamishwi kwa amri ya bwana shauri. Muhogo unakubali kuhamahama, unavumilia ukame na unaweza kusubiri ardhini. Serikali ya kikoloni iliulazimisha Tanganyika kama akiba ya njaa, na ukapata nafasi hapa ambayo hautaiachia tena. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, hivyo watu huumenya, huuvundika kwa siku kadhaa, huuanika na kuutwanga kupata udaga. Uvundikaji huo ni kazi ya bakteria wanaofanana kwa tabia na wale wa tumboni, ila lengo la mama anayeuvundika ni kuondoa sumu na uchungu, na faida kwa utumbo, kama ipo, inafuata nyuma.

Tiba ya kisasa iligundua umuhimu wa vyakula hivi hapa hapa jirani, kisha ikavielewa vibaya kwa muda. Hugh Trowell alifanya kazi ya udaktari Kenya na Uganda kuanzia 1929, na mwaka 1960 alichapisha kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza Afrika, akionyesha jinsi maradhi mengi ya Ulaya yalivyokuwa adimu kwa wagonjwa wake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, na aliyejulikana zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, aliichukua hoja hiyo na mwaka 1972, pamoja na wenzake, akachapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa uzito wa kinyesi na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni. Wanakijiji wa Afrika walikuwa na kinyesi kingi na chakula kilipita haraka, Waingereza kinyume chake. Burkitt akahitimisha kwamba siri ni nyuzinyuzi, makapi yanayosukuma uchafu. Alikuwa sahihi kwamba chakula kina sehemu, akakosea kuhusu ni sehemu ipi ya chakula na inafanya nini. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Cambridge, Hans Englyst na John Cummings wakiwa mstari wa mbele, walionyesha kwamba wanga mwingi hufika utumbo mpana ukiwa haujaguswa, na kwamba makapi si uchafu wa kusukumwa ila ni karamu ya bakteria. Jambo hilo lilieleza kitendawili cha Afrika Kusini, ambako watu weusi wengi walikula mahindi yaliyokobolewa, yenye nyuzinyuzi kidogo, na bado saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwao. Mwaka 2000 watafiti wa huko waliwapa watu uji mzito wa mahindi ukiwa moto na ukiwa umelala, na uliolala ndio uliozidisha uchachushaji tumboni.

Yaani kiporo. Jambo hili ninaliona muhimu kuliko kila sifa ya ndizi au ya maharage. Wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, sehemu yake ikawa sugu. Ndizi za jana usiku, viazi vilivyobaki, bonge la ugali lililofunikwa kwa sahani na kuliwa asubuhi na chai kabla ya kwenda shambani, vyote vina wanga sugu zaidi kuliko vilipotoka jikoni. Kwa nini watu walikula viporo? Kwa sababu kuni ni kazi, na kuwasha moto mara tatu kwa siku ni anasa ya mwenye watumishi au mwenye gesi. Mama aliyerudi shambani hakuwa na saa tatu za kuchemsha maharage asubuhi, jioni na usiku. Alipika mara moja, kingi, na familia ikala mara mbili. Kiporo kilionekana ishara ya umaskini, na mpaka leo mgeni hapewi kiporo. Hapa ndipo hoja ya hekima ya wazee inaposhindwa kabisa: kile kilichosaidia utumbo zaidi kilikuwa kile ambacho watu walikionea aibu.

Kuna pingamizi ambalo ni lazima lijibiwe, nalo ni zito. Kama chakula hiki kilikuwa kizuri kwa utumbo, mbona watoto wa huku walikufa kwa kuhara? Walikufa, na wengi. Jibu ni kwamba bakteria wema hawamzuii mtu kunywa maji yenye vimelea vya kuhara damu wala hawageuzi kisima kuwa safi. Sukari za mimea zilisaidia ndani ya mipaka, na mipaka hiyo ni finyu kwa mtoto mdogo ambaye tumbo lake halibebi chakula kizito cha kutosha. Hata hivyo palikuwa na mbinu ya jikoni iliyogusa tatizo lenyewe moja kwa moja. Ulezi au mtama huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea, na kimea kikitiwa katika uji mzito huulainisha, ukachachuka na kuwa togwa. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa 1973, pamoja na Ulf Svanberg walichunguza uji huo miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba mtoto hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile, huku uchachu ukizuia vimelea vingi kustawi. Huko Vellore, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliongeza wanga sugu katika maji ya chumvi na sukari wanayopewa wagonjwa wa kipindupindu, na kuhara kukapungua haraka zaidi. Bangladesh nako ndizi mbichi zilizopikwa ziliwapunguzia watoto kuhara kulikokuwa kumedumu. Kwa hiyo pingamizi halibatilishi hoja. Linaiweka mahali pake: ndizi husaidia, lakini kisima kisafi husaidia zaidi.

Mwezi Aprili 1994 wilaya ya Ngara ilipata funzo jingine. Watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa saa ishirini na nne hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa ghafla mojawapo ya miji mikubwa ya Tanzania. Mgao wao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta. Katika karatasi ulikuwa chakula kizuri. Jikoni ulihitaji moto, na moto ulitoka kwenye miti ya Ngara, iliyokatwa kwa umbali uliozidi kurefuka hadi wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa Desemba 1996. Mashirika yalihimiza kuloweka maharage, kufunika sufuria na kutumia majiko ya udongo. Kuloweka huokoa kuni nyingi, na maji yale yakimwagwa hupunguza gesi kwa sababu huondoka na sehemu ya rafinosi na stakiosi. Sidhani kama kuna aliyepaswa kujali bakteria katika hali ile. Naitaja kwa kuwa inaonyesha waziwazi kwamba kinachofika utumbo mpana huamuliwa na bei ya kuni kabla hakijaamuliwa na zao lililovunwa. Katika vijiji ambako kuni zimekuwa mbali na mkaa umepanda bei, maharage ndiyo ya kwanza kupungua mezani, na wali au tambi zinazoiva kwa dakika ishirini huchukua nafasi yake.

Nguvu nyingine za kukivunja chungu ziko shambani na mashineni. Batobato kali ya muhogo ilisumbua Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Muleba, ukaenea wilaya nyingine, ukaozesha mikungu ikiwa bado kwenye mgomba. Mahindi yakajaza pengo, na mahindi yanapokobolewa kuwa sembe huacha pumba, nyuzinyuzi na kiini chake mashineni, ambako hununuliwa na wafugaji. Kwamba tofauti hizi zina uzito kwa afya si dhana tu. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Moshi kwa wanaume 77: waliotoka kijijini wakala chakula cha mtindo wa magharibi kwa wiki mbili damu yao ilionyesha dalili za uvimbe zilizoongezeka, na wale wa mjini walioandaliwa chakula cha asili cha Kilimanjaro, zikiwemo ndizi na maharage, dalili hizo zilipungua. Waliokunywa mbege, ndugu wa karibu wa rubisi aliyetiwa ulezi badala ya mtama, nao walinufaika. Lilikuwa jaribio fupi, la wanaume peke yao, na pombe ina hasara zake ambazo jaribio la wiki moja haliwezi kuzipima. Lakini ni ushahidi wa Tanzania, wa sahani inayofanana na ya Nyantakara, na umeonyesha kwamba wiki mbili zinatosha kubadili mambo kwa upande wowote.

Yupo atakayesema basi tutafute bakteria wa kale wenyewe, tuwanakili. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi ya porini, mabuyu na asali, wamechunguzwa kwa nia hiyo. Matokeo ya 2014 yaliwashangaza wengi, kwa kuwa watu wazima wao hawakuonekana kuwa na bifidobakteria kabisa, wale wale ambao matangazo ya maziwa ya mtindi huwaita wema kuliko wote, na utafiti wa 2017 ulionyesha jamii ya bakteria wao ikibadilika kwa majira ya mwaka. Hakuna orodha moja ya bakteria wa kununuliwa. Kuna chakula, na mazingira ya chakula, na mazingira hayo sheria nayo inayagusa. Pwani ya kusini ya Kenya, watoto wachanga waliopewa unga wenye madini ya chuma walionekana kuwa na bakteria wengi zaidi waletao maradhi katika utumbo, na utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba kuongeza sukari za kulisha bakteria wema, zilizotengenezwa kutokana na maziwa, kulipunguza madhara hayo. Tanzania ilipitisha mwaka 2011 kanuni za kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi kwa madini ya chuma na vitamini, na kwa upungufu wa damu ulivyo mwingi kwa watoto na wajawazito, nafikiri kanuni hizo ni sahihi. Ila hutekelezwa hasa katika viwanda vikubwa, na mashine ndogo za vijijini kwa sehemu kubwa hazifikiwi. Matokeo yake, mtoto wa Nyantakara anayepewa uji wa dona uliosagwa kijijini hupata pumba bila chuma kilichoongezwa, na yule wa jirani anayenunuliwa sembe ya mfuko kutoka mjini hupata chuma bila pumba.